Kikao Kilichobaki Kwenye Kompyuta ya Nesi Jovina

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda changu, pale barabara ya kutoka Ikolo inapogawanyika, njia moja ikishuka ziwani na nyingine ikienda zahanati. Ni benchi mbili na gogo. Mimi ni fundi simu. Jina langu Ezra, ila hakuna anayelitumia, naitwa Fundi. Nachaji simu kwa umeme wa jua na nina birika la kahawa jikoni, ili mtu anayesubiri simu yake ijae asiondoke na hasira. Jumatano ile, wiki ya tatu baada ya mazishi ya Kisa, tope la mafuriko lilikuwa limeanza kupasukapasuka barabarani na watu walikuwa wametandaza kakao tena kwenye mikeka. Benchini walikuwepo watatu. Mzee Anyitike, tunayemwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Amon, ambaye ni Mjumbe, maana hakuna kamati iliyoundwa kijijini ikamkosa. Na Yohana, ambaye ni Kwacha. Huyo maisha yake ni mpakani Kasumulu, anavuka na mchele kwenda Malawi, anarudi na sabuni na Kiingereza kidogo.

Kwacha ndiye aliyeiona laptopu juu ya meza yangu.

— Aisee Fundi, hiyo si ya Nesi Jovina?

— Ndiyo.

— Imekufa?

— Nzima. Amenipa nimhamishie kikao kwenye flashi. Kesho tume inakuja.

Hakuna aliyeuliza tume gani. Watu watatu wanakuja kuuliza kwa nini Kisa alikufa, yeye na mtoto tumboni, saa nane mchana, kwenye zahanati yenye nesi na dripu na kila kitu isipokuwa njia ya kutokea. Daraja lilikuwa limeondoka alfajiri. Kisa alianza kutupa mikono na miguu saa tatu asubuhi. Tulipiga simu Matema, kwenye hospitali, boti ya mashine ya lile shirika linalofadhili zahanati ikaondoka kule, ikapigwa na upepo wa mwera, ikarudi, ikaondoka tena. Ilipofika mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapoegeshwa, saa tisa, wanawake walikuwa wameshavua vilemba, wanalia.

Na sasa muhtasari wa kikao cha shirika unasema hakuna aliyewahi kuomba boti ikae kwetu msimu wa mvua. Kwa hiyo kosa ni la nesi, hakuomba. Ameshasimamishwa kazi. Amekaa kwenye nyumba ya watumishi na mizigo yake imefungwa, kwao ni Bukoba, sijui atapita wapi.

— Sasa kikao kinahamishwaje? — aliuliza Wakili. — Kikao ni watu. Watu walishaondoka.

— Alikirekodi, tata. Vikao vyote vya video na lile shirika alikuwa anavirekodi.

Mjumbe aliweka kikombe chini.

— Anarekodi kwa nini?

— Mtandao wetu unaujua. Bosi anaongea, katikati anaganda mdomo wazi, akirudi ameshamaliza kutoa maagizo. Nesi akaniambia, Fundi, nitafutie kitu cha kurekodi, nisikilize tena nikitulia, lakini kisipeleke mtandaoni. Bando sina, na majina ya wagonjwa wangu sitaki yakakae kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Nikamwekea ekstensheni.

— Ekstensheni naijua, — alisema Wakili. — Ile ya waya mweupe, matundu matano.

— Si hiyo. Hii unaiongeza kwenye brauza, ile programu ya kufungulia intaneti. Inakaa pale juu, kialama kidogo. Ukiingia kikaoni unaibonyeza, inakuuliza, nirekodi dirisha hili? Nirekodi sauti za wenzako? Na maikrofoni yako? Unaweka tiki. Ukimaliza, faili linabaki humuhumu ndani ya mashine. Haliendi popote.

— Kwa hiyo sisi tumo humo, — alisema Kwacha.

— Wewe hukuwemo. Ulikuwa Karonga, Malawi.

— Basi nawaonea huruma. Mimi kule nimeona jamaa sauti yake imetengenezwa na kompyuta. Amelala kwake, sauti inazunguka kwenye masimu inaomba watu hela. Mke wake mwenyewe kaitikia. Kwa hiyo hata hiyo ya nesi, nani atajua kama ni yeye? Kesho tume watasema ni ya kutengeneza, finish.

— Hawatasema. Faili lina tarehe. Kumi na nane Februari.

— Tarehe! Mimi simu yangu inasema tuko mwaka elfu mbili na kumi.

— Hiyo ni betri, Kwacha. Nilishakwambia ulete.

Wakili alikohoa kile kikohozi cha kufungua shauri.

— Tuanze na sheria. Kumrekodi mtu bila ridhaa ni wizi. Umemwibia sauti. Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo kuna vitu lazima vifichwe.

— Methali inasema usifiche, tata.

— Inategemea ni uchi wa nani.

— Na ridhaa ilikuwepo. Mwanzo kabisa anasema, mwenyekiti, narekodi kwenye kompyuta yangu kwa kumbukumbu. Yule wa shirika anajibu, sawa nesi, endelea.

— Mimi sikusikia, — alisema Mjumbe.

— Ulichelewa, Mjumbe. Uliingia umeshika turubai.

Nilimwona Mjumbe anahesabu kitu kichwani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja kama kakao mbichi kwenye ganda.

Niseme na mimi nilivyokuwepo. Sikuwa kwenye kamati ya zahanati kama Wakili na Mjumbe. Nesi aliniita nimwashie intaneti kutoka kwenye simu yangu, kwa sababu laini yangu hushika kidogo. Tulibanana kwenye chumba cha chanjo, nesi katikati na laptopu, Wakili kulia kwake, Mjumbe nyuma, mimi dirishani nimeinua simu juu kama mtu anayeomba mvua isimame.

— Lakini nesi aliomba boti? — aliuliza Kwacha. — Tuseme ukweli. Aliomba au hakuomba?

— Aliomba, — nilisema. — Imo humo, kwa mdomo wake.

— Basi mambo yamekwisha! Mpe flashi yake, kesho aiweke mezani, arudi kazini. Mnahangaika nini?

Wakili aliangalia kahawa yake. Kwacha akatuangalia mmoja mmoja.

— Kwani kuna nini?

Mjumbe aliinuka, akaja hadi kwenye dirisha la kibanda, akainamisha kichwa ndani.

— Fundi. Ukifunga maiki, hiyo kitu inarekodi?

— Ukifunga maiki kwenye kikao unawafungia wa kule wasisikie. Ekstensheni haijui habari hiyo. Yenyewe inachukua kwenye maiki ya kompyuta moja kwa moja.

— Kwa hiyo zile dakika mbili…

— Zimo.

— Umesikiliza?

— Asubuhi. Ilibidi nihakikishe faili linafunguka.

— Lote?

— Lote, Mjumbe.

Alibaki ameshika mbao za dirisha. Ana mikono mikubwa, kucha zimeingia weusi wa maganda ya kakao usiotoka. Mikono ile ndiyo ilishika kichwa cha jeneza la Kisa, siwezi kusema hakumhurumia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa:

— Zikate.

— Nini kikatwe? — aliuliza Kwacha.

— Kuna sehemu walitupa dakika mbili za kushauriana, — nilimwambia. — Nesi alishamaliza kuomba. Yule mwenyekiti akasema, wajumbe wa kijiji shaurianeni, mseme kama mnaunga mkono. Nesi akafunga maiki. Tukashauriana.

— Mkashauriana nini?

Wakili aligeuka upande wa ziwa.

— Mambo ya kawaida, — alisema. — Mambo ya wajumbe.

— Sikilizeni, — alisema Mjumbe, na sasa alikuwa amegeukia benchi, anaongea na wote. — Simdhulumu nesi. Aliomba, mwache asikike ameomba. Hiyo inabaki. Tunatoa dakika mbili tu ambazo hata wa kule hawakuzisikia. Kwao hazipo. Kitu ambacho hakikusikika ni kama hakikusemwa. Nani anaumia?

— Methali ipo, — alisema Wakili. — Kimya kingi kina mshindo. Maana yake anayenyamaza ndiye mshindi.

— Mshindo si ushindi, tata. Mshindo ni kishindo.

— Wewe fundi wa simu au wa Kiswahili?

— Tena, — alisema Mjumbe, — huo ni ushahidi wa hatari. Leo dakika mbili, kesho wanaingia majumbani. Mtu anaongea na mkewe, mashine inasikiliza. Najua kwa nini lile shirika lilileta zile laptopu bure. Bure? Kuna kitu cha bure? Walitaka kusikia kijiji kinasema nini kikifunga mlango.

— Kweli kabisa, — alidakia Kwacha, ambaye nadharia yoyote inayopita huipanda kama bodaboda. — Kule Malawi wanasema ziwa lina mafuta chini. Wazungu wanataka kujua nani mkali, nani mpole. Wanaanzia zahanati, maana zahanati kila mtu anapita.

— Na mafuriko? — aliuliza Wakili. — Mbona daraja limeondoka mwaka huu, mwaka wa kurekodi? Mimi nina miaka sabini na moja. Mto ule ulikuwa unaomba ruhusa.

— Daraja liliondoka mwaka wa nyuma pia, tata. Ndiyo maana nesi aliomba boti.

Nilimimina kahawa, hakuna aliyeigusa. Kwenye boksi la simu zinazosubiri wenyewe kulikuwa na ndogo ya batani, namba kumi na nne, imefungwa raba kwa sababu mfuniko haukai. Ya Kisa. Aliileta siku mbili kabla ya mvua kubwa, akakaa palepale alipokaa Wakili, ameweka miguu juu ya gogo kwa sababu viatu vilikuwa havimuingii tena. Alinitania kwamba nachaji polepole ili ninywe hela za kahawa za watu. Alikuwa mcheshi, muuza usipa, dagaa wa ziwani, wa kukausha, sauti ya pili kwaya ya kanisani. Simu imejaa tangu siku ile, na mimi sijui nimpe nani.

— Kata, Fundi, — alisema Mjumbe. — Unaweza?

— Naweza. Kuna programu.

— Itajulikana?

— Ukiangalia saa ya ukutani nyuma ya nesi itaruka dakika mbili. Lakini nani ataangalia saa.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Sitaki msomaji anione mwema. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshaifungua ile programu ya kukatia, nimeweka alama pa kuanzia na alama pa kuishia, na nilikuwa na sababu zangu ambazo sikumwambia Mjumbe.

Ndipo alipotokea Tusekile, mama yake Kisa.

Alitoka njia ya Ikolo, kwa miguu, ndala mkononi kwa sababu ya tope, kitambaa cheusi kichwani. Hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Wanawake wa rika lake hupita, husalimia bila kusimama. Yeye alisimama.

— Mugonile, — alisema.

Tukaitikia wote, tukainuka. Kwacha akafuta benchi kwa mkono.

— Kaa, mama.

— Ndaga, ahsanteni. Sitakaa. Nesi kaniambia kompyuta yake iko kwa Fundi. Kasema humo ndani anamtaja mwanangu kwa jina.

— Ni kweli, mama, — nilisema.

— Nataka kumsikia anavyomtaja. Basi. Watu wananiambia nesi alimsahau Kisa. Wengine wananiambia nimkasirikie. Nataka kujua kama nikasirike.

Mjumbe alinitazama. Nilimwelewa: mpe ya nesi, ukifika pale, zima. Na mimi nilikuwa nimepanga hivyohivyo. Niligeuza laptopu ikae dirishani, nikaongeza sauti, nikasogeza hadi dakika ya ishirini na sita. Uso wa Nesi Jovina ukaja, na pembeni viboksi vya watu wa shirika, wengine wameganda.

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

“Mwenyekiti, nina wajawazito wanne watakaojifungua Aprili. Ninayemhofia zaidi ni Kisa. Mimba ya tatu, presha inapanda, miguu imevimba, na mtoto wa pili alitoka kwa upasuaji. Huyu hawezi kujifungulia kwangu. Mwaka jana daraja liliondoka, na mwaka huu litaondoka. Naomba boti ikae mwaloni kwetu kuanzia Machi mpaka Mei, isikae Matema. Kisa akianza na daraja halipo, mimi sina kitu cha kufanya zaidi ya kumshika mkono.”

Tusekile alifumba macho.

— Alimtaja, — alisema. — Mara mbili.

“Tumekusikia, nesi,” ilisema sauti ya mwanamume. “Wajumbe wa kijiji mnaunga mkono? Nawapa dakika mbili mshauriane.”

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilihisi Mjumbe ananisogelea upande wa kushoto. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu, kitu ninachofanya mara mia kwa siku. Sikubonyeza. Siwezi kusema ni ujasiri. Yule mama alikuwa amefumba macho na mimi nilishindwa kumzimia sauti usoni.

Kwenye laptopu viti vilikwaruza. Kisha sauti ya Amon, karibu kabisa, kama amekaa humo ndani:

“Jamani, mawingu hayo mnayaona? Kakao yangu iko nje.”

“Naombeni mseme ndiyo tu,” alisema Jovina. “Neno moja.”

“Boti ikikaa hapa ataitunza nani? Itageuka ya wavuvi. Ibaki Matema. Bibi zetu walijifungulia migombani, boti walipanda wapi?” alisema Amon tena.

Halafu Wakili, kwa ile sauti yake ya mahakamani:

“Na kila mwenye tumbo akipewa boti, mimi na kitambi changu hiki nipewe meli!”

Tukacheka.

Kilikuwa kicheko kirefu. Nilikuwa nimeshakisikia asubuhi, peke yangu, lakini pale nje, mbele yake, kilikuwa kirefu zaidi. Kulikuwa na cha Wakili, kinachoanza na kikohozi. Cha Mjumbe, kizito. Na cha tatu, chembamba, cha mtu anayepiga paja lake kwa kiganja na kurudia “meli! meli!” Huyo wa tatu alikuwa amesimama dirishani na simu juu. Huyo wa tatu ni mimi.

Chini ya kicheko alisikika Jovina, taratibu: “Jamani. Kisa ana presha.” Watu walikuwa bado wanafuta machozi. Kisha Amon, akimwambia nesi: “Fungua maiki.” Kisha Amon huyohuyo, sauti ya mkutanoni, yenye adabu: “Mwenyekiti, kijiji hakina hoja. Boti ibaki Matema.” Na yule wa shirika: “Ahsante sana wajumbe. Tuendelee.”

Nikazima hapo.

Tusekile alifumbua macho. Hakulia. Aliangalia benchi, akamwona Wakili, akaangalia tumbo la Wakili, akapandisha macho usoni mwake. Akamwangalia Mjumbe. Mimi aliniangalia mwisho, na nikajua ameitambua ile sauti nyembamba, maana nimekuwa nikiwaita wateja barabarani kwa sauti hiyo miaka yote.

— Mlikuwa mnacheka nini? — aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyechelewa kufika mahali, akakuta wenzake wanacheka, naye anataka kuambiwa.

Wakili alivuta shati lake lifunike tumbo.

— Mama, ilikuwa… — alianza Mjumbe. — Siku hiyo mvua… Sisi hatukujua kwamba…

— Alisema ana presha, — alisema Tusekile. — Nimemsikia. Alisema mkiwa bado mnacheka.

Kwacha, ambaye hakuwemo, ndiye aliyeinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili.

Nilichomeka flashi. Nikafuta zile alama za kukatia, ya kuanzia na ya kuishia, nikanakili faili lote kama lilivyo, dakika arobaini na saba. Mjumbe aliona ninachofanya, hakunizuia. Laptopu ile ni nzito na faili lilikuwa kubwa. Ule mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Muda wote huo yule mama alikuwa amesimama barabarani, ndala mkononi, anatutazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri tumjibu.